Kuonja Mbele ya Shefu

Hapana, ile sauti sitoi tena. Hata mukiniletea kiti, hata mukiniwekea chai ya maziwa na mukate, ile moja hapana. Zingine zote ziko. Mukitaka pastori wetu anaomba mvua, iko. Mukitaka mama wa jirani anafukuza mbuzi na palepale anapokea wageni, iko: "Toka weye shetani! Karibu mama, habari ya kwako? Nimesema toka!" Mukitaka mukwe wangu amekuja kuomba kintu na hataki kuomba, namufanya mupaka munaanguka chini. Lakini ya shefu, maneno nitasema, sauti hapana. Ilinitoka, haijarudi, na minye siiiti.

Na mutoto wangu iko muzima. Nasema mbele musianze kunitazama na macho ya matanga. Iko ng'ambo ya ziwa, anapigaka watu video mu ndoa sawa vile alikuwa anafanya hapa Kilibula. Alitoka kwa mulango wa nyuma, akapita mu mihogo ya jirani, wakati wote waliokuwa mu nyumba yangu walikuwa wanatazama sura moja. Telefone yake njo ilibaki. Walipiga na kitako ya bunduki mupaka ikawa unga. Minye walinibeba, kisha wakanirudisha kabla ya giza, juu mwanamuke muzee mwenye kusema sana, hata kasho, jela yao, inamuchoka.

Basi mukae. Nitaanza na ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, juu bila ndakala hakungekuwa filme.

Wale maskari walipofika na kufukuza wengine waliokuwa hapa mbele yao, shefu wao alikaa mu nyumba kubwa ya juu ya barabara. Hatukujua anatoka wapi. Kiswahili yake ilikuwa imepigwa pasi. Alikuwa anasema "tafadhali" na bunduki imelala kwa magoti. Minye alikuwa ananiita "bibi". Kwetu bibi ni mwanamuke wa mutu! Siku ya kwanza wanawake wa kwa bomba walinicheka mupaka ndoo zikamwagika: "Koko, nyanya muzima, umeolewa na jeshi!"

Mutu wa ziwa hakuwa. Hiyo tulijua haraka, juu alitoa amri: usiku, hakuna taa juu ya maji, adui ataona. Bon. Hakuna taa. Asubuhi akatuma watu wake kwa pwani na beseni. Ndakala za shefu ziko wapi?

Hapa kwetu hata mutoto wa kunyonya anajua: ndakala inafuata taa. Wavuvi wanawasha, samaki anafikiri ni kintu ya mbinguni, anapanda juu, wanamuchota. Bila taa unavua nini? Unavua maji. Jirani yangu muvuvi, mutu mwenye kucheka polepole, alienda kumuelezea. Alirudi na shavu imevimba. Akaniambia, na ile sauti yake ya mutu mwenye kiazi ya moto mu mudomo:

"Koko, nimemuambia samaki anapendaka mwangaza."

"Akasema nini?"

"Akasema basi samaki iko anatumika na adui."

Ile siku hatukucheka. Muchanga wa kukaushia ndakala ulikuwa mutupu, kunguru walikuwa wanatembea juu yake sawa watu wamepoteza ufunguo. Tulikuwa tunakula sombe, majani ya mihogo, bila kintu ndani. Watoto wa nyumba walikuwa wanatazama sahani, wanatazama minye. Njo nikafanya ile ya shefu, ndani ya jikoni, ili wakule. Nikasimama, nikavuta tumbo, nikaweka mikono nyuma, nikauliza sufuria: "Samaki iko wapi? Tafadhali." Wakacheka. Wakakula. Kesho yake wakaomba tena.

Mutoto wangu wa mwisho, binti, alikuwa amesimama mu mulango. Yule hacheki haraka, ni sawa baba yake, anapimaka kwanza. Akasema: "Mama, rudia. Geuka kwa mwangaza." Alikuwa tayari ameinua telefone.

Hivyo njo filme ilianza. Hatukukaa mukutano.

Kwa kucheza shefu nilivaa koti ya mvua ya marehemu bwana yangu, ile ya kijani ya zamani, na bote za shamba. Kofia ilikuwa kifuniko ya sufuria. Radio ya mukono ilikuwa kipande ya sabuni ya kufulia. Jua likiwa kali, sabuni ilikuwa inayeyuka kwa shikio, minye naita "Alo! Alo! Nani anasema?" na povu inashuka kwa shingo. Jirani muvuvi alikuwa askari wangu. Alikuwa na muchi ya kutwangia badala ya bunduki, na alikuwa anasema kintu moja tu: "Ndiyo shefu."

Na mama wa jirani njo alikuwa mulinzi. Alikaa kwa kiingilio na kinu, anatwanga sombe. Tu, tu, tu. Akitwanga, tunacheza. Akinyamaza, maskari wanapita: koti inaingia mu gunia, kifuniko inarudi juu ya sufuria, na minye nakuwa muzee anaumwa mugongo. Mupaka leo nikisikia kinu imenyamaza mu karkiye, mu mutaa wetu, moyo yangu inasimama. Watu wanafikiri ni uzee.

Basi mu filme, shefu anakataza taa. Asubuhi anaomba samaki. Muvuvi anamuambia: shefu, wanakuja na taa. Shefu anasema: "Basi muwaite na mudomo!" Na wavuvi wote wanasimama kwa pwani, wanaume wakubwa wenye ndevu, wanaita: "Ndakalaaa! Mukuje! Shefu anawasalimia!" Tulipiga ile pahali palepale kwa pwani, mapema, kwa haraka. Kila mutu aliyepita juu ya barabara, nilikuwa naona ni bunduki inapita.

Sasa ile ya pombe. Hapa musikie muzuri, juu ya hii njo kila kintu ilianguka.

Kwetu, unampa mugeni pombe, unaonja kwanza. Sisemi ni adabu. Ni uzima. Unajaza kikombe, unakunywa weye mwenyewe mbele ya macho yake, anaona koo inapanda na kushuka, kisha unamupa. Njo umemuambia: hakuna sumu, nakupenda uishi. Usipoonja, hata kama ni kaka yako, ataweka kikombe chini na atakumbuka kintu alisahau nyumbani. Minye nimeonja tangu nilipokuwa nabebwa mugongoni. Mukono yangu inafanya yenyewe.

Kulikuwa na siku ya mahari kwa watu wa karibu, na shefu akaja bila kuitwa, na maskari wake. Nani atamuambia usiingie? Baba wa bibi-harusi, mutu muzima, akachota kasiksi nzuri ya ndizi, tamu, ya kukaa siku, akaonja mbele yake sawa vile inapaswa. Na shefu akasema:

"Unakunywa mbele yangu?"

Nasema maneno tu. Ile sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Haikupanda. Ilikuwa sawa mutu anauliza chumvi. Na akachukua kibuyu, akamwaga yote chini, polepole, mupaka tone ya mwisho, mbele ya wakwe na watoto na mbuzi za mahari. Yule baba alibaki na kikombe mu mukono. Pombe ilikuwa bado mu mudomo yake, alikuwa hajameza, na hakujua sasa ameze ao ateme.

Minye nilikuwa nimekaa na wanawake. Wengine walitazama chini. Minye nilitazama mudomo ya shefu. Ni ugonjwa yangu. Nikisikia sauti, inaingia, inakaa, haitoki mupaka niitoe.

Nikaitoa mu filme. Shefu wa filme anaona mwenye nyumba anaonja, anakasirika: "Unakunywa mbele yangu?" Anamwaga. Wanaleta kibuyu ingine, na mara hii mwenye nyumba, juu ya woga, haonji. Sasa shefu njo anaogopa. Anatazama kikombe. Anatazama watu. Anamuambia askari yake: "Onja weye." Askari anaonja. "Iko nini?" "Shefu, bado sijajua." Anaonja tena. "Iko nini?" "Shefu, sumu ya kwetu inakawia." Anaonja mupaka kibuyu inaisha, analala juu ya muchi yake, na shefu anabaki na kiu na sabuni yake.

Mutoto wangu alipomaliza kutazama ile, alisema: "Mama, ile neno ni lake mwenyewe. Kila mutu alikuwa kule kwa mahari." Nikamuambia tuondoe. Akatazama tena, mudomo yake ikapinda kidogo, na kwa yule huo njo muchekeo. Akasema: "Tukiondoa, hakuna filme." Alisema kweli. Ilibaki.

Ile filme alipatia watu wachache. Weye unajua watu wachache ni nini. Ilitoka telefone kwa telefone, ikapanda mupaka Luvungi na watu wa motari, wale wa pikipiki, ikaingia Lubarika mu mashamba ya mupunga. Mwanamuke mumoja aliyetoka kule na gunia yake ya mupunga alinikuta kwa soko, akaweka gunia chini, akavuta tumbo, akaniuliza: "Samaki iko wapi? Tafadhali." Nilicheka. Kisha nikatazama nyuma, na tangu hapo niliendelea kutazama nyuma. Nikienda kwa bomba, natazama. Nikiomba mu kanisa, nafungua jicho moja.

Yule mwenye alikuja kutuambia alikuwa serja, askari muzee mwenye mvi mu ndevu, mutu mwenye miguu ya kuuma. Alikuwa anapitaka kwangu kuomba maji. Sauti yake nampendea: nzito, ya usingizi, hajui kusema uongo juu uongo inaomba nguvu. Alikunywa maji, akarudisha kikombe, akasema:

"Mama, shefu amesikia muko na sinema. Siku ya Mungu, kisha ibada, atakuja kutazama. Muweke kiti."

"Atakuja kufanya nini?"

"Kutazama."

"Na kisha kutazama?"

"Mama, minye nilitumwa kwa kiti tu."

Zile siku sikulala, sikukula, sikucheka hata mutu. Mutoto alikuwa anazunguka na telefone mu mukono. "Nikifuta, ataona kwa mutu mwingine, na atajua nilifuta. Nisipofuta, ataona." Jirani muvuvi alisema atamupeleka na mutumbwi, lakini mitumbwi yote ilikuwa imefungwa kwa pwani, na maskari wamekaa juu yake wanavuta sigara. Barabara ilikuwa na bariere ya maskari. Nilimuambia mutoto: "Atakubeba." Akasema: "Najua, mama." Akaosha nguo zake zote siku moja, akazikunja. Kuona zile nguo zimekunjwa njo nililia.

Siku ya Mungu nikaweka kiti. Na kibuyu ya kasiksi nikaweka pembeni, juu mugeni ni mugeni, hata ule mwenye kuja kukuua. Mama wa jirani alikaa kwa kiingilio na kinu yake sawa zamani. Tu, tu, tu. Kisha kinu ikanyamaza.

Aliingia yeye, serja, na maskari wengine wa kusimama kwa dirisha. Akakaa. Akasema: "Asante bibi, tafadhali tuanze." Mutoto wangu aliegemesha telefone kwa sufuria. Ile sufuria ya kifuniko! Nilitamani kuificha na kitenge yangu.

Minye sikutazama filme. Nilitazama shingo ya shefu. Kofia ya sufuria ilipoingia, shingo haikusogea. Sabuni ilipotoa povu, mabega yalitingishika kidogo. Nikasema mu roho: amekasirika. Lakini "Ndakalaaa, mukuje!" ilipofika, mutu yule alipiga goti na mukono, akacheka! Alicheka na machozi. Alicheka mupaka akakamata mukono ya serja. Ile neno ya pombe ilipita, akacheka sana kupita yote, akasema: "Rudisha hapo!" Mutoto akarudisha. Aligusa mara mbili pahali pabaya.

Na ilipoisha, shefu akapanguza macho. Akasema: "Wale waliokuwa hapa mbele yetu! Walikuwa hivi kabisa! Hata koti ni ile yao!"

Koti ya bwana yangu. Ya mvua.

Tulitazamana na mutoto. Watu wote kwa mulango walianza kucheka, ile kucheka ya mutu aliyepona homa. Jirani muvuvi akasema: "Ndiyo shefu! Wale, shefu! Wale wa zamani!" Na shavu yake ilikuwa bado haijashuka muzuri. Minye pia nilisema: "Wale, baba. Walitutesa wale."

Lakini shefu hakusimama kwenda. Alimugeukia mutoto wangu. Akasema kazi hii ni nzuri, sasa itafanyika sehemu ya pili, wale wazuri wanafika, watu wanapiga makofi kwa barabara, na yeye mwenyewe atacheza. Akasema binti aandae nguo zake, atapanda gari pamoja nao leo, atakaa kambini mupaka filme iishe.

Nguo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Mutoto aligeuka. Alinitazama minye. Hajanitazama vile tangu alipokuwa mudogo na surua. Mutoto mwanamuke, mu kambi, mupaka iishe. Na nani atasema imeisha?

Nikasimama. Sikuwa na akili yoyote, musifikiri nilikuwa na akili. Nilikuwa nataka tu asitoke haraka. Nikasema: "Baba, hautoki mu nyumba yangu na koo kavu. Mutaniaibisha." Nikabeba kibuyu. Nikajaza kikombe. Watu bado walikuwa wanacheka kidogo kidogo, serja alikuwa amekaa chini kwa mulango ananyoosha miguu. Shefu alinyoosha mukono kupokea.

Na minye nikaonja.

Wengine mupaka leo wanasema nilifanya makusudi. Wengine wanasema uzee. Minye nasema mukono yangu ilifanya vile imefanya tangu zamani, na mutu asiulize mukono ya muzee. Nilikunywa, nikameza, koo ikapanda na kushuka mbele ya macho yake.

Uso yake ikafunga. Ile sauti ndogo ikatoka, ya chumvi:

"Unakunywa mbele yangu?"

Watu wote mu nyumba, hata maskari wa kwa dirisha, walitazama ile sura moja. Jirani muvuvi aliacha mudomo wazi mu katikati ya "ndiyo". Kikombe ilikuwa mu mukono yangu, mukono ya shefu ilikuwa hewani, na kwa sura yake niliona kintu inaanza kusogea, polepole, sawa mutu anasikia jina yake inaitwa mbali na hajajua ni nani anaita. Macho yake ikaenda kwa telefone, pale kwa sufuria. Ikarudi kwa minye. Alikuwa bado hajafika. Angeweza kukosa kufika! Kama wote tungenyamaza, angekunywa, ao angemwaga, na angeendelea kuwa yeye, na filme kuwa ya wale wa zamani.

Lakini serja, pale chini, na miguu yake ya kuuma, na ile sauti nzito ya usingizi, hii nawatolea yote sawa ilivyokuwa, akasema:

"Shefu, hii njo ile ulisema turudishe."